Jino limezibwa na bado linauma: usubiri, lisawazishwe, lizibwe upya, litibiwe mzizi au ling'olewe?

Ganzi imeisha, umerudi nyumbani, na jino ulilolipia ili litulie bado linakusumbua. Maji ya baridi yanalishtua. Ukitafuna upande ule unasita. Wiki ya pili inaingia, na kila unayemweleza ana jibu lake: mmoja anakwambia uvumilie, mwingine anasema daktari aliharibu, wa tatu anakushauri uling'oe upumzike. Wote watatu wanaweza kuwa sahihi, ila si kwa jino moja.

Watu wengi huchagua kwa kuangalia ukali wa maumivu. Hicho ni kipimo kibovu. Lipo jino linalouma hadi machozi na dawa yake ni kusuguliwa dakika tano tu, na lipo linalonung'unika kidogo huku kiini chake, sehemu laini ya ndani yenye neva, kimeanza kufa. Cha kuangalia ni tabia ya maumivu: yanaanzishwa na nini, yanakaa muda gani baada ya kilichoyaanzisha kuondoka, na wiki hii yakoje ukilinganisha na iliyopita. Jipime nyumbani kabla ya kuamua lolote. Shika maji ya baridi mdomoni upande wa jino lile, yateme, kisha hesabu kimoyomoyo hadi maumivu yaishe. Fanya hivyo hivyo upande wa pili, kwenye jino la aina ileile ambalo halijaguswa, maana wapo watu ambao meno yao yote hushtuka kwa baridi na hawajawahi kulitilia maanani.

| Tabia ya maumivu | Pa kuanzia |
|---|---|
| Baridi inashtua, inaisha ndani ya sekunde chache, kila wiki ni afadhali | Kusubiri |
| Likitulia halina neno, likigusana na mwenzake linauma | Kusawazisha |
| Chakula kinanasa pembeni, au sukari inauma siku zote | Kuziba upya |
| Linaanza lenyewe, linaamsha usiku, kitu cha moto kinalizidisha | Mzizi au kung'oa |

Kusawazisha ni kusugua kizibo kilichozidi kimo, na mzizi ni kutoa kiini kilichoharibika, kisha kusafisha na kuziba mifereji yake. Jedwali hili ni la kuanzia tu. Jino moja linaweza kuwa na mawili kati ya hayo kwa pamoja, na hapo ndipo kulinganisha kunapohitaji maneno zaidi.

Kusubiri: kuna kusubiri kwa akili na kusubiri kwa woga

Chini ya enameli, ile sehemu ngumu ya nje, kuna tabaka la dentini lenye mirija midogo mno iliyojaa majimaji. Mirija hiyo inaelekea kwenye kiini, palipo na neva na mishipa ya damu. Baridi ikigusa, majimaji husogea, na neva husikia. Maelezo haya yaliwekwa bayana na Mswidi Martin Brännström katika miaka ya 1960, na mpaka leo ndiyo yanayokubalika zaidi. Daktari anapochimba uozo hufungua mirija hiyo kwa wingi, huipuliza kwa hewa, na akitumia dawa nyeupe ya kuzibia, ile ya rangi ya jino, huipaka asidi kwanza ili dawa ishike. Kiini lazima kikasirike. Kikiwa kizima, hutulia chenyewe na hata hujijengea tabaka jipya la dentini kwa ndani kama kinga.

Ndiyo maana mshtuko wa baridi unaoisha upesi hauhitaji kitu kingine zaidi ya muda. Kwa kawaida ni wiki mbili hadi nne, na tundu lililokuwa refu, karibu na kiini, laweza kudai zaidi. Kizibo cha fedha, yaani kile cha metali chenye rangi ya fedha, hupitisha baridi na joto kwa urahisi kuliko kile cheupe, kwa hiyo wiki za mwanzo huwa na vishindo vyake hata kama kazi imefanywa vizuri.

Kusubiri kukiwa sahihi, kuna dalili moja kubwa: maumivu yanapungua. Yasipopungua kabisa ndani ya mwezi, au yakiongezeka hata wiki ya kwanza, huko si kusubiri tena, ni kuogopa kiti cha daktari.

Wakati unasubiri, dawa ya meno ya watu wenye meno yanayoshtuka, yenye nitrati ya potasiamu, husaidia, lakini nafuu yake haionekani siku ya kwanza. Itumie asubuhi na jioni kwa wiki kadhaa, na ukimaliza teme tu, usisukutue kwa maji mengi ukaiondoa yote. Paracetamol inatosha kwa maumivu madogo, na mtu mzima asizidishe gramu 4, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, kwa saa 24. Ibuprofen hufanya kazi vizuri zaidi kwa jino, ila mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na dawa za aina hiyo au ujauzito asiinunue kabla ya kuuliza. Aspirini haiwekwi juu ya ufizi, japo bado kuna wanaofanya hivyo: inaunguza nyama na jino halipati chochote.

Na karafuu? Wapemba hawakukosea. Mafuta ya karafuu yana yujenoli, ambayo hutuliza neva kweli, na madaktari wenyewe huichanganya na zinki oksaidi kutengeneza dawa ya kuzibia kwa muda. Tatizo ni kwamba yujenoli huzuia dawa nyeupe kukauka ipasavyo. Kama umekuwa ukipaka mafuta hayo na unarudi kuzibwa tena, mwambie daktari. Tone moja kwenye pamba linatosha. Kuyamimina mdomoni kutachoma ufizi.

Kusawazisha: njia inayorukwa na wengi

Kama ningelazimika kumshauri mtu njia moja bila kumwona, ningechagua hii, kwa sababu ndiyo rahisi kuliko zote, haina sindano, na bado watu huiruka na kwenda moja kwa moja kwenye kung'oa.

Fikiria jinsi kizibo kinavyopimwa. Umelala chali, nusu ya mdomo ina ganzi, daktari anakwambia «uma meno». Unauma, lakini hujui unauma wapi. Anaweka karatasi ya rangi katikati ya meno, anaangalia alama, anasugua palipozidi, anauliza «iko sawa?» nawe unajibu ndiyo, maana husikii kitu. Kesho yake, ukiwa umekaa wima na hisia zimerudi, taya linafunga kwa namna nyingine. Jino lina hisi kali ajabu, linatambua kitu chembamba kuliko unywele. Kizibo kikiwa juu kwa kiasi hicho tu, basi kila unapofunga mdomo jino lile hutangulia kugusa na kubeba mzigo wa wenzake. Nyuzi zinazolishikilia jino kwenye taya huvimba, na hapo kutafuna mhogo wa kukaanga au hindi la kuchoma hugeuka adhabu. Wengine huhisi kama jino limerefuka. Wengine huona hata baridi inauma zaidi, wakadhani ni neva.

Ukilinganisha na kusubiri, tofauti ni hii: mshtuko wa baridi hupungua wenyewe, lakini kizibo kilicho juu hakishuki kwa kuombewa. Ukikitafunia kwa wiki kadhaa, unaweza kukichokoza kiini kilichokuwa kinapona, au hata kulipasua jino. Kwa hiyo usingoje mwezi. Siku tatu au nne zikipita na bado ukifunga mdomo jino lile linagusa kwanza, rudi.

Maneno ya kumwambia daktari yana uzito hapa. Ukisema «jino linauma», umempa mambo kumi ya kufikiria. Ukisema «Dokta, nikifunga mdomo hili linagusa kabla ya mengine, na nikiacha kutafuna linatulia», umemfikisha nusu ya njia. Mwombe akupime ukiwa umekaa wima, bila ganzi, ukisagisha meno kulia na kushoto, siyo kuyafunga tu. Kituo kilichofanya kazi hiyo kwa kawaida hakina sababu ya kukutoza upya kwa marekebisho haya, ila ni vizuri kuuliza kabla ya kukaa kitini. Baada ya kusuguliwa, mguso mbaya huisha palepale, na uchungu uliobaki huondoka ndani ya siku chache.

Kuna jambo linalofanana na hili lakini si hili. Kama maumivu hayaji unapong'ata bali unapoachia, makali na ya ghafla, na yanatoka pembe moja ya jino, huenda jino lina ufa. Uma kijiti cha pamba juu ya kila pembe ya jino, moja baada ya nyingine, uone ni ipi inayoitika. Ufa mara nyingi hauonekani kwenye eksirei, na kusugua hakuutibu. Jino la aina hiyo huhitaji kufunikwa na kofia, yaani kifuniko kigumu cha jino zima, kabla halijagawanyika.

Maumivu ya taya lenyewe, hasa baada ya sindano ya ganzi ya nyuma ya taya la chini, ni habari nyingine. Mdomo hufunguka kwa shida siku chache, kisha hulegea. Hayo hayahusiani na kizibo.

Kuziba upya: faida yake na bei inayofichika

Hapa ndipo wagonjwa wengi hukimbilia, kwa hoja kwamba kilichoharibika kifumuliwe. Mimi ningesita. Kila kizibo kinapotolewa, kipande cha jino zima huenda nacho, tundu hupanuka, na kiini hutikiswa tena kabla hakijasahau mtikisiko wa kwanza. Jino la baridi inayopungua, likifumuliwa wiki ya pili, laweza kuanza maumivu mapya.

Zipo hali ambazo kuziba upya ni lazima. Moja ni pengo pembeni: tangu uzibwe, kila ukila mishkaki nyuzi za nyama zinanasa kati ya jino lile na jirani yake, na ufizi unauma na kutoa damu. Kizibo hakikugusana na jirani inavyotakiwa. Hakuna kusubiri kutakakoliziba pengo hilo, na vijiti vya meno vitakuongezea kidonda. Hali nyingine ni dawa kuachana na jino. Dawa nyeupe inayokaushwa kwa taa ya bluu husinyaa kidogo inapokauka, kama udongo wa ukuta unavyoachana na mti wake, na mate yakiwa yameingia wakati wa kazi haishiki vizuri. Majimaji hupenya, na vitu vitamu huanza kuuma. Maumivu ya sukari yasiyopungua wiki baada ya wiki ni ya kutiliwa shaka. Ya tatu ni uozo uliobaki au uliorudi chini ya kizibo, ambao daktari atautafuta kwa eksirei.

Ukikubali kuziba upya, uliza itatumika dawa gani, maana hazifanani. Nyeupe ya taa ina nguvu na sura nzuri, lakini inadai ukavu kamili na mkono wenye subira, ikiwekwa tabaka kwa tabaka. Glasi-ayonoma hushikamana na jino yenyewe bila mlolongo ule wa asidi na gundi, hutoa floraidi, na kwa kawaida haikichokozi kiini sana. Udhaifu wake ni kwamba huchakaa na kuvunjika upesi kwenye tundu pana la gego. Tusiidharau lakini. Katikati ya miaka ya 1980, hapa hapa Tanzania, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza njia ya kuondoa uozo laini kwa vifaa vya mkono tu, bila mashine wala umeme, na kuliziba tundu papo hapo. Baadaye glasi-ayonoma ndiyo ikawa dawa ya njia hiyo, na Shirika la Afya Duniani liliiunga mkono mwaka 1994. Kwa tundu dogo au la wastani, hasa kwa mtoto au mtu anayeogopa mashine, ni chaguo la heshima. Kizibo cha fedha kina uimara wa muda mrefu, ila nusu yake hivi ni zebaki, na tangu Mkataba wa Minamata wa 2013, ule wa kudhibiti zebaki duniani, nchi zimekuwa zikipunguza matumizi yake. Umoja wa Ulaya uliacha kukitumia, isipokuwa kwa mahitaji maalumu ya kitabibu, kuanzia Januari 2025. Hiyo si sababu ya kufumua kizibo cha fedha kilichotulia.

Kuna njia ya katikati ambayo haisemwi sana: kutoa kizibo na kuweka kile cha muda chenye yujenoli, kisha kuliacha jino wiki kadhaa. Likitulia, linawekewa kizibo cha kudumu. Lisipotulia, umejua kwamba tatizo ni kiini, na hukulipia kizibo cha kudumu ambacho kingetobolewa tena. Kama daktari mwenyewe hana uhakika, ningeipenda njia hii kuliko kubahatisha.

Mzizi au kung'oa: hapa hakuna kusubiri tena

Kiini kiko ndani ya chumba cha kuta ngumu. Kikivimba hakina pa kwenda, kwa hiyo shinikizo hupanda na neva hulia. Dalili zake unazijua ukizisikia: maumivu yanayokaa nusu dakika au zaidi baada ya baridi kuondoka, chai ya moto inayoyaamsha, mapigo yanayokuja yenyewe, kuamka usiku kwa sababu ukilala damu huongezeka kichwani. Wakati mwingine huwezi hata kuonyesha ni jino lipi, la juu au la chini. Kiini cha namna hiyo kwa kawaida hakirudi nyuma. Si lazima daktari awe amekosea: uozo ulikuwa umefika karibu mno kabla hajaushika.

Jihadhari na utulivu wa ghafla. Maumivu yaliyokukesha wiki nzima yakikatika siku moja bila dawa, huenda kiini kimekufa, na baada ya siku au miezi kipele cha usaha huchomoza kwenye ufizi.

Antibiotiki za duka la dawa haziingii kwenye ulinganisho huu. Amoxicillin na Flagyl haziponyi kiini kilichovimba, na zinapoonekana kusaidia, mara nyingi ni wakati tu umepita. Zina kazi pale uambukizo unaposambaa. Uso ukivimba, homa ikipanda, ukashindwa kumeza, kufungua mdomo au kupumua vizuri, nenda hospitali usiku huo huo, usingoje kliniki ya meno ifunguliwe asubuhi.

Sasa, mzizi au kung'oa. Kung'oa ni siku moja, bei yake leo ni ndogo, na kunapatikana hata kwenye vituo visivyo na mashine ya kuchimba. Ndiyo sababu kumezoeleka mno kwetu. Ufizi hufunga ndani ya wiki moja au mbili, na hatari ya karibu ni tundu kuwa kavu, yaani damu iliyoganda ndani yake kutoka na mfupa kubaki wazi, siku ya pili hadi ya nne, hasa kwa mvutaji sigara na anayesukutua kwa nguvu siku ya kwanza. Matibabu ya mzizi ni ziara moja hadi tatu, gharama ni kubwa mara kadhaa, na gego la chini huwa na mifereji mitatu, wakati mwingine minne, ambayo lazima yote ipatikane, isafishwe na kuzibwa. Gego likimalizika linahitaji kofia, nayo ina bei yake, na wengi hukwama hapo: hulipa mzizi, huahirisha kofia, na jino linapasuka. Likifanywa lote vizuri, jino hudumu miaka mingi.

Lakini bei ya kung'oa haishii siku ile. Meno jirani huanza kuinama kuelekea pengo, la juu yake hushuka, chakula hunasa pasipokuwa pakinasa. Ukija kutaka jino bandia, daraja au la kupandikizwa kwenye mfupa, utakuwa umelipa zaidi ya kile ulichokikwepa. Kwa gego la kwanza, lile linalobeba kazi kubwa ya kutafuna, na kwa meno ya mbele, ningeuza kitu kabla ya kuling'oa. Kwa gego la mwisho nyuma kabisa, lisilo na mwenzake wa kukutana naye, kung'oa hakuna majuto. Na jino lililobaki ukuta mmoja au lililopasuka hadi mzizini, kulitibia mzizi ni kutupa fedha.

Kwa kijana, au pale eksirei inapoonyesha uozo umekigusa kiini kidogo tu, uliza kama inawezekana kuondoa sehemu ya juu ya kiini pekee na kuacha ya mizizini. Si kila kliniki hufanya hivyo, na si kila jino linafaa, lakini swali halina gharama. Uliza pia bima yako inalipia lipi kabla ya ganzi kuingia.

Kama kituo ulichofika kina uwezo wa kung'oa tu, hilo ni jibu kuhusu kituo, siyo kuhusu jino lako. Omba wakuzibie kwa muda na wakuandikie rufaa ya hospitali ya mkoa au kliniki yenye huduma ya mzizi. Kizibo cha muda hudumu wiki chache, si miezi. Na kama unajua kabisa kwamba hutaweza kurudi kwa ziara ya pili, kwa nauli au kwa kazi, mwambie daktari kabla hajalifungua jino, maana mzizi ulioanzwa ukaachwa njiani hukusanya vijidudu, na jino hilo huishia kung'olewa likiwa limeshagharimu bei ya yote mawili.